Nta kwenye bomba la jikoni

Fundi alilala chali chini ya sinki karibu saa nzima, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Alipotoka alikuwa ameshika kitu kigumu, cha manjano iliyochafuka, chenye umbo lile lile la kona ya bomba. Akakigonga sakafuni. Kikalia ko, ko.

"Dada, humu umemwaga nini? Huu ni mshumaa."

Nilijua ni nini, na aibu ilinishika, maana mtaa mzima ule mimi ndiye niliyesomea kemia ya mafuta. Kazi yangu siku hizi ni kuchanganya mafuta ya magaga. Nta naletewa kutoka Tabora, mafuta ya nazi napata hapa hapa Tanga, na ya mlonge nanunua kwa mama mmoja anayekamua mwenyewe. Siku mbili kabla nilikuwa nimemaliza kuchemsha, nikaosha sufuria kwa maji ya moto, nikijiambia kwamba nta ikishayeyuka itateremka na maji. Iliteremka kweli, hadi ilipokutana na bomba la baridi.

Mafuta ya nazi ningeyamwaga kwenye sinki lile lile mwaka mzima, na fundi nisingemwita. Hapa Tanga mchana nazi ni maji matupu. Asubuhi ya Julai ndiyo unakuta chupa imeganda, kwa sababu mafuta yale huanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 24 za Selisiasi. Nta inataka nyuzi 62 hadi 64. Tofauti yenyewe ni ya urefu, na urefu huo ndio uliokula elfu ishirini na tano zangu.

Jioni yake nilimweleza shangazi kisa hicho barazani. Shangazi hutunga shanga za kuuza, na mikono yake haipumziki hata akiwa na mgeni. Nikachukua uzi mmoja ambao bado haujafungwa.

"Chukulia kila ushanga ni kaboni," nikamwambia. "Mafuta ya nazi, sehemu yake kubwa ni nyuzi za shanga 12. Mawese, 16. Alizeti, 18."

"Na nta?"

"Nta inafika 24, 26, 30 na zaidi."

Akautazama uzi wake. "Basi hiyo ni ya kiunoni."

Nyuzi hizo ndizo asidi za mafuta, na wanasayansi huanza kuziita za mnyororo mrefu sana zinapofika kaboni 22. Kuongeza kaboni mbili au nne si jambo la kupuuza. Mfikirie mtu anayefunga kuni. Kuni fupi na zilizopinda hazikai kwenye mzigo, zinaacha mianya na kamba inalegea. Kuni ndefu zilizonyooka zinalaliana ubavu kwa ubavu, na kadiri zilivyo ndefu ndivyo zinavyogusana sehemu nyingi. Minyororo ya mafuta ni hivyo hivyo: kila kaboni ina mvuto mdogo kwa jirani yake, na mivuto hiyo inajumlishwa. Asidi safi ya kaboni 12 huyeyuka kwenye nyuzi 44, ya 16 kwenye 63, ya 22 kwenye 80, ya 26 karibu 88. Mnyororo ukiwa na kiungo maradufu katikati, yaani kaboni mbili zilizoshikana mara mbili, unapinda kama kuni yenye kiwiko, na ndiyo maana alizeti haigandi jikoni ingawa ina kaboni 18.

Niwe mkweli kuhusu nta kabla mtu wa kemia hajanirukia. Sehemu yake kubwa ni muungano wa asidi ya kaboni 16 na alkoholi ndefu ya kaboni 30. Asidi ndefu zenyewe, zilizo huru, ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Lakini iliyo maarufu kati yao, ya kaboni 26, inaitwa asidi serotiki kwa sababu ya nta hii hii: kwa Kigiriki nta ni keros.

Majina ya ukoo huu yananifurahisha kuliko kitu chochote nilichokariri chuoni. Kaboni 20 ni asidi arakidiki, jina linalotokana na karanga. Kaboni 24 ni lignoseriki, yaani mti na nta kwa Kilatini. Na kaboni 22, asidi beheniki, imetokana na mafuta ya beni, ambayo ni mafuta ya mbegu za mlonge. Ndiyo, mlonge huu huu, ambao wenzetu wa Mombasa huuita mzunze, ulio uani kwa watu na kuuzwa kama unga wa kila maradhi. Jirani yangu mwenye saluni aliwahi kuniletea chupa ya dawa ya kulainisha nywele nimsomee maandishi ya nyuma. La tatu kwenye orodha lilikuwa jina refu linaloanza na "behen". Nikamwambia, hapa kuna mnyororo wa kaboni 22. Upande mmoja umeng'ang'ania unywele, mnyororo wenyewe umelala juu yake, ndiyo maana kitana kinateleza. Akauliza kama anaweza kutumia mlonge moja kwa moja akaokoa hela. Nikamwambia hapana, kile cha chupani kimegeuzwa kwanza kiwandani kikapewa chaji ya umeme. Hakufurahi.

Kuna jina moja lina historia ya bahari. Asidi ya kaboni 24 yenye kiungo maradufu kimoja inaitwa nevoniki, kwa kuwa inapatikana kwa wingi kwenye ubongo, katika ala nyeupe inayozunguka nyuzi za neva. Lakini ina jina la pili la zamani, selakoleiki, linalotokana na neno la Kigiriki la jamii ya papa, maana ilikutwa pia kwenye mafuta ya ini la papa. Watu wa pwani mafuta hayo tunayajua: ni sifa. Mafundi wa majahazi walipaka sifa kwenye mbao ili maji yasiingie na wadudu wasile, na uvundo wake ulimfikia mtu kabla hajaliona jahazi. Kwa hiyo mbao za chombo na nyuzi za ubongo wa nahodha vilikuwa vimepakwa mafuta yenye asidi ile ile. Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko inavyostahili.

Sasa mwili unazipata wapi? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea pia. Tumezoea kudhani kwamba mafuta yaliyomo mwilini yamepita mdomoni. Kwa asidi hizi ndefu, sehemu kubwa inatungwa humo humo ndani. Seli hujitengenezea kwanza mnyororo wa kaboni 16, na mtambo unaoutengeneza huachia hapo. Anayetaka kuurefusha lazima aupeleke kwenye mtandao wa vifereji na utando ulio ndani ya seli, ambako kuna vimeng'enya vinne, yaani protini zinazotenda kazi za kemia mwilini, vinavyopokezana zamu, na kila mzunguko ukikamilika mnyororo umeongezeka kaboni mbili.

Nilimwonyesha shangazi kwa shanga zake. Kila zamu anakuja mgeni aitwaye malonili, amebeba shanga tatu. Mbili zinaingia kwenye uzi, ya tatu inaondoka kama hewa ya ukaa.

"Kwa nini asije na mbili tu?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa chuoni. Ile ya tatu ni nauli. Kuondoka kwake kama gesi ndiko kunakoisukuma kazi mbele isirudi nyuma. Gesi ikishatoka, hairudi kudai nafasi yake. Mbili peke yake zingeungana kwa shida na kuachana kwa urahisi.

Anayeamua mnyororo ufike wapi ni kimeng'enya cha zamu ya kwanza. Binadamu ana aina saba zake, zinaitwa ELOVL na namba moja hadi saba, na kila mmoja ana urefu anaoupenda. Namba moja huvuta kutoka 22 kwenda 24 na 26. Namba nne anaanzia pale wenzake wanapochoka, anafika 30 na zaidi, na anafanya kazi kwenye ngozi, jicho, ubongo na korodani. Watu wenye kasoro ya aina fulani kwenye jeni ya namba nne hupoteza uwezo wa kuona katikati ya jicho wakiwa bado vijana. Na panya wa maabara walioondolewa jeni hiyo kabisa walizaliwa na umbo zuri, kisha wakafa ndani ya saa chache, wamekauka. Maji yaliwatoka kupitia ngozi.

Hilo la panya huwa nalifikiria mteja anaponiuliza mafuta gani "yanaingia ndani ya ngozi". Yangu hayaingii, mama. Yanakaa juu yanazuia maji yasitoke. Kinachofanya kazi ndani ni matabaka ya mafuta ambayo ngozi inajitengenezea yenyewe, na ndani yake mna minyororo ya kaboni 30 hadi 36, iliyolaliana kama ule mzigo wa kuni, bila mianya. Bila minyororo hiyo mtu angekauka barazani kama kisamvu. Magaga ni sehemu ambapo ukuta huo umepasuka kwa uzito, vumbi na kutembea pekupeku. Mimi naweka kiraka tu.

Kutunga basi tumemaliza. Kukata ndiko kulikoniponza.

Mtihani wa mwaka wa pili uliuliza asidi ya mafuta ya kaboni 26 huanza kuvunjwa wapi kwenye seli. Niliandika mitokondria, bila hata kusita, nikaongeza na mchoro. Mhadhiri alipitisha mstari mwekundu juu ya mchoro wangu kutoka kona hadi kona. Kila mwanafunzi anajua mafuta yanachomwa kwenye mitokondria. Tunaimbishwa tangu sekondari kwamba ni jiko la seli. Lakini mlango wa jiko lile umepimwa kwa kuni za kawaida. Gogo la kaboni 24 au 26 halipiti. Linapelekwa kwanza uani kukatwakatwa.

Ua wenyewe unaitwa peroksisomi. Johannes Rhodin aliviona vifuko hivi mwaka 1954 kwenye seli za figo la panya, akaviandika kwenye tasnifu yake huko Sweden bila kujua vinafanya nini. Jina alivipa Christian de Duve, Mbelgiji, aliyeonyesha kwamba vina vimeng'enya vinavyotengeneza haidrojeni peroksaidi na kingine kinachoiharibu. Mwaka 1976 yeye na Paul Lazarow wakaonyesha, kwa kutumia ini la panya, kwamba ndani ya vifuko hivyo mafuta hukatwa pia, kaboni mbili mbili, kinyume cha jinsi yalivyotungwa.

Peroksaidi hiyo ndiyo ile ya zahanati, inayomwagwa kwenye kidonda ikatoa povu jeupe. Povu linatokana na katalasi, kimeng'enya kilichomo kwenye damu na nyama yetu, kikiigeuza kuwa maji na oksijeni. Kwenye peroksisomi povu dogo namna hiyo linatokea mchana kutwa. Mitokondria ikikata mafuta huivuna nishati ya zamu ya kwanza. Peroksisomi huitupa moja kwa moja kwa oksijeni, nishati inapotea kama joto. Mhasibu angesema ni hasara. Lakini kazi ya ua huu haikuwa kuvuna, ni kupunguza urefu. Gogo likishafika kaboni 8 hivi, linapelekwa jikoni.

Kuingia uani kuna mlango, na mlango una bawabu. Ni protini iitwayo ABCD1, imekaa kwenye utando wa peroksisomi, kazi yake kuyapokea magogo haya na kuyaingiza ndani. Naomba msomaji amkumbuke bawabu huyu.

Kabla sijafika kwake niseme kitu kuhusu mlembe, yule ndege anayemwongoza mtu hadi kwenye nyuki. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi, naye anawatangulia mti kwa mti. Watu wanachukua asali, ndege anabaki na masega. Anakula nta. Nta ile ile iliyomshinda fundi wangu, mlembe anaimeza na kuifanya chakula. Ndege wachache sana duniani wanaweza. Kwa hiyo siwezi kusema nta haivunjiki, au mafuta marefu ni mabaya, au urefu ni ugonjwa. Mwenye kisu anakula, asiye na kisu anaziba bomba.

Sasa bawabu. Mwaka 1923 madaktari wawili wa Ujerumani, Siemerling na Creutzfeldt, waliandika habari za mtoto wa kiume aliyepoteza mwendo na akili taratibu, na ngozi yake ikawa nyeusi ya shaba. Alipofariki walikuta sehemu nyeupe ya ubongo imeharibika, na tezi zinazokaa juu ya figo zimenyauka. Hakuna aliyeelewa ubongo na tezi za kwenye figo zina undugu gani. Ilichukua zaidi ya nusu karne. Mwaka 1976 watafiti nchini Marekani walipima mafuta ya ubongo na tezi za wagonjwa wa namna hiyo, wakakuta yamejaa minyororo ya kaboni 24, 26 na zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hugo Moser na wenzake wa Baltimore wakaweza kuipima kwenye damu.

Maradhi yanaitwa adrenoleukodistrofi. Jeni yake iko kwenye ncha ya kromosomu X, ndiyo maana wavulana, wenye X moja tu, huumia zaidi. Takriban mtoto mmoja kati ya 17,000 huzaliwa nayo, wa kike na wa kiume. Kwa miaka mingi wote waliamini kwamba kilichovunjika ni kisu, yaani kimojawapo cha vimeng'enya vya kuandaa na kukata mnyororo. Mwaka 1993 kundi la Ufaransa la Patrick Aubourg na Jean-Louis Mandel likaipata jeni yenyewe, na watu wakashangaa. Visu vyote vilikuwa kabatini, vimenolewa. Kilichokosekana ni bawabu. Magogo yalikuwa yamesimama nje ya mlango, huku mtandao wa kurefusha ukiendelea kuyaongeza.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Kwenye damu ya mtu mzima wa afya, asidi ya kaboni 26 ni kama moja kwa mia ya ile ya 22, na ile ya 22 yenyewe haiko nyingi. Lakini kitu kirefu hivyo kikishajichomeka kwenye utando wa seli hakitoki kirahisi. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba asidi ya kaboni 26 hujichomoa kwenye utando polepole mara kama elfu kumi kuliko ya kaboni 16. Nusu moja ya utando imepimwa kwa minyororo ya 16 na 18. Wa 26 unachomoza hadi nusu ya pili, kama mgeni mrefu aliyepewa kitanda cha mtoto.

Wazazi wa mvulana mmoja aliyeugua maradhi haya wanajulikana duniani kote. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba kabla hajaugua aliishi karibu na sisi. Lorenzo Odone alizaliwa mwaka 1978. Baba yake, Augusto, alikuwa mchumi wa Benki ya Dunia, na kazi ikawapeleka Komoro. Mtoto huyo alicheza Ngazija, kwenye visiwa ambavyo lugha yake ni ndugu wa Kiswahili. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1984, baada ya kurudi Marekani, na madaktari wakawaambia wazazi wahesabu kama miaka miwili. Alipokuwa hawezi tena kusema wala kutembea, kijana wa Kikomoro aliyekuwa rafiki yake visiwani alisafiri kwenda Marekani kusaidia kumhudumia. Wanaosimulia kisa hiki hukimbilia kwenye mafuta ambayo wazazi walikuja kuyabuni. Mimi hukwama kwa kijana huyo.

Madaktari wa wakati ule walijaribu lililoonekana dhahiri: kama mafuta marefu yamejaa mwilini, mgonjwa asiyale. Watoto wakakatazwa karanga. Wakakatazwa maganda ya matunda, kwa sababu ile nta inayong'aa juu ya tufaha ni minyororo hii hii. Familia zilishika masharti kwa uaminifu. Damu ikapimwa, asidi ya kaboni 26 haikushuka.

Ni pipa lenye mabomba mawili. Walifunga la jikoni, na la pili, lile la mwili wenyewe, lilikuwa kubwa zaidi na limefunguliwa wazi.

Augusto na mkewe Michaela hawakuwa wanasayansi. Waliingia maktaba. Mtafiti mmoja, William Rizzo, alikuwa ameonyesha kwamba seli zikiogeshwa kwenye asidi oleiki, ile iliyojaa kwenye zeituni, zinapunguza utunzi wa minyororo ya 26. Wazo likawa hili: vimeng'enya vinavyorefusha minyororo iliyonyooka ndivyo hivyo vinavyorefusha yenye kiungo maradufu. Ukivijaza kazi ya upande mmoja, upande wa pili unasimama, kama cherehani moja yenye wateja wawili. Baadaye wakaongeza asidi erusiki, ya kaboni 22 yenye kiungo kimoja, inayopatikana kwa wingi kwenye mafuta ya haradali, na mkemia wa Hull, Uingereza, Don Suddaby, ndiye aliyeitengeneza ikiwa safi. Sehemu nne za oleiki, moja ya erusiki. Ndani ya wiki kama nne, asidi ya 26 kwenye damu ya wagonjwa wengi ilishuka hadi kiwango cha kawaida.

Hapo ndipo filamu ya kisa chao, iliyotengenezwa mwaka 1992, inapowaacha watazamaji, wakiwa na machozi na matumaini. Kilichofuata ni kigumu zaidi. Wavulana walioanza kunywa mafuta hayo wakiwa tayari ubongo umeanza kuharibika waliendelea kudhoofika, ingawa damu yao ilikuwa safi. Erusiki haiingii vya kutosha kwenye ubongo. Chembe sahani za damu zilipungua kwa baadhi yao. Moser aliwafuatilia wavulana 89 waliokuwa bado hawajaanza kuumwa, na mwaka 2005 akaandika kwamba wale ambao asidi ya 26 ilishuka zaidi walielekea kusalimika zaidi. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nao, na ubishi haujaisha. Lorenzo mwenyewe aliishi hadi Mei 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30, bila kurejea kusema.

Nalitaja hili kwa sababu kuna mtu alinitumia ujumbe kuuliza kama mafuta yangu ya mlonge, "kwa vile yana hiyo asidi ndefu", yanaweza kumsaidia mtoto mwenye degedege. Nilimpigia simu badala ya kuandika. Nilimwambia ampeleke mtoto hospitali leo, na mafuta yangu ayapake kisigino chake mwenyewe.

Na hapa mfano wangu wa bomba lililoziba unanivunjikia mkononi, ni haki niseme. Ubongo wa watoto hawa hauzibi kama sinki. Ndugu wawili wanaweza kuwa na kasoro ile ile ya jeni na kiwango kile kile cha mafuta kwenye damu, mmoja akaangamia akiwa na miaka 7, mwenzake akafika utu uzima akiwa na ugumu wa kutembea tu. Kinachowatenganisha ni moto: kinga ya mwili kuushambulia ubongo, jambo linalotokea kwa wavulana kama theluthi moja kabla hawajabalehe. Moto huo ukishawaka, kupunguza kuni hakuuzimi tena.

Kinachouzima, ukiwahi sana, ni kupandikiza uboho kutoka kwa mtu mwingine. Mwaka 2009 Waparisi walieleza walivyochukua chembe za uboho za wavulana wawili, wakazipachika jeni nzima ya ABCD1 na kuzirudisha. Kibebea jeni chao kilitengenezwa kutokana na kirusi cha UKIMWI kilichong'olewa meno. Sisi tuliozika watu kwa kirusi hicho tuna namna yetu ya kuisoma sentensi hiyo. Tiba ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, bei ikitajwa dola milioni tatu, na baadhi ya watoto walioipata wamekuja kupata saratani ya damu.

Ili kuwahi lazima ujue mapema. New York walianza mwisho wa mwaka 2013 kupima kila mtoto mchanga kwa tone la damu la kisigino. Kwetu tone hilo likitajwa ni kwa habari za selimundu zaidi. Lakini kuna dalili moja haihitaji mashine kuitilia shaka: tezi za juu ya figo mara nyingi huanza kushindwa kabla ya ubongo. Mvulana anachoka, anatapika, anatamani chumvi, anazidi kuwa mweusi. Kwa ngozi zetu weusi huo hauonekani usoni upesi. Tazama fizi, na mistari ya viganja. Mvulana akikutwa na tezi zilizoshindwa bila sababu inayoeleweka, daktari wake anatakiwa kufikiria minyororo ya kaboni 26.

Shangazi alisikiliza yote hayo akiendelea kutunga. Nilipofika kwa kijana wa Komoro alisimamisha sindano, akauliza kama alirudi kwao. Kisha umeme ukakatika, kama kawaida ya saa moja jioni.

"Ule mshumaa wa fundi uko wapi?"

Ulikuwa bado juu ya meza ya jikoni. Nikautoboa kwa sindano yake ya shanga, nikapitisha uzi wa pamba, nikausimamisha kwenye kisosi. Uligoma mara mbili, ukapasuka cheche kwa maji yaliyokuwa ndani, halafu ukawaka vizuri, ukinuka vitunguu. Shangazi akausogeza karibu na sinia lake, akaanza kuhesabu upya tangu mwanzo wa uzi, mbili, nne, sita.